Tingatinga ni Mtu, si Mila

Kila mjadala wa kupamba ukuta wa hoteli au shule mjini Bariadi unaishia kwenye swali lile lile: atapatikana wapi fundi wa kuchora "Tingatinga, sanaa yetu ya jadi"? Si ya jadi, wala si ya Simiyu. Tingatinga ni jina la mtu, na trekta halihusiki: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru mwaka 1932, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 na kufa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu. Alichora juu ya vipande vya hadibodi, ile ya dari, kwa rangi ya baiskeli, na picha zikauzwa kwa wageni pale Morogoro Stores, Oysterbay. Babu gani alikuwa na kopo la rangi ya baiskeli? Nitajibiwa kwamba kusini watu walichora kuta za nyumba zao kabla hajazaliwa. Kweli, na huenda alikua akiyaona hayo. Lakini Modigliani wa Italia, aliyefariki Paris 1920, alirefusha shingo na nyuso baada ya kuzitazama sana barakoa za Afrika, zikiwemo za Wabaule wa Côte d'Ivoire, na hakuna anayeziita picha zake jadi ya Wabaule. Alichokiona mchoraji ni kimoja, alichokibuni ni kingine. Mtindo huu ulizaliwa na hadibodi, kopo, mnunuzi na jicho la mtu mmoja, kisha wanafunzi wake, kina January Linda, wakaueneza.

Kinachokera zaidi ni kwamba Usukuma, Simiyu ikiwemo, ulikuwa na michoro yake. Bayeye, wale wacheza na nyoka, walichora nyoka, watu na mizimu kwenye kuta za ndani za nyumba walimofundishia wanachama wapya. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, aliitolea kitabu mwaka 1953. Ilikuwa ya kufundishia kwa siri, si ya kuuzwa, na nyumba ya udongo ikianguka huondoka na picha zake.

Basi, haraka haraka. Unataka twiga wenye madoa, mwite fundi wa Tingatinga, mlipe na jina lake liandikwe. Unataka cha Kisukuma, anzia makumbusho ya Bujora. Ukuta wa udongo usiupake rangi ya mafuta, itabambuka. Kwenye plasta tumia rangi ya maji. Na ukiuziwa "Tingatinga mwenyewe" kwa bei ya kitenge, umenunua sahihi ya kughushi.