Chai ya Moshi ya Tongmu na Ukali Usiotokana na Rangi

Harufu ndiyo inayotangulia. Ukifungua pakiti ya Lapsang Souchong, kabla hujaona hata jani moja, pua inakutana na moshi mzito wa kuni zenye utomvu. Wengi huishia hapo. Husema chai imeungua, au ghala lilishika moto, na pakiti hurudi kabatini isitoke tena. Wanaovumilia hadi kikombe kifike mdomoni hukutana na jambo la pili ambalo halilingani kabisa na la kwanza: chai yenyewe ni nyepesi, ina utamu wa asili, na haikwaruzi ulimi. Pua ilitangaziwa ukali, ulimi ukapewa ulaini. Pengo hilo ndilo linalonivutia katika chai hii kuliko kitu kingine chochote, na njia ya kulielewa ni kufuata jani kutoka mlimani hadi kwenye birika.

Kwanza tuseme tunachokiita ukali. Afrika Mashariki tumezoea kupima ukali wa chai kwa rangi na kwa uwezo wake wa kubeba maziwa. Chai ya Kericho, Nandi, Rungwe au Mufindi kwa sehemu kubwa hupitishwa katikati ya rola zenye meno zinazokata, kurarua na kusokota jani kwa mkupuo mmoja, hadi libaki punje ndogo ngumu. Punje hizo zikikutana na maji ya moto hutoa karibu kila kitu zilichonacho ndani ya dakika chache. Isitoshe, michai yetu mingi ni ya jamii ya Assam, yenye majani mapana na katekini nyingi, na katekini ndizo zinazogeuka kuwa rangi nyekundu na ule ukakasi unaokaza mashavu. Ukizoea chai ya namna hiyo, unaamini kwamba ukali ni kitu kimoja: rangi, ukakasi na nguvu vyote vinakwenda pamoja. Lapsang Souchong inavitenganisha.

Kwao ni Tongmu, kijiji kilicho ndani ya milima ya Wuyi, kaskazini mwa mkoa wa Fujian nchini Uchina. Milima hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, na mabonde ya Tongmu yamo katika hifadhi inayolindwa kwa ukali. Kuna ukungu, kuna mvua nyingi, miteremko ni mikali, na mashamba ni vipande vidogo vilivyobanwa kati ya msitu na mawe. Mchai wake ni wa majani madogo, ule wa Kichina, unaovumilia baridi na usio na katekini nyingi kama wa Assam. Na wachumaji wa chai hii ya moshi hawakimbilii kichipukizi peke yake. Huchuma pamoja na majani yaliyokomaa yanayokifuata, ambayo ni makubwa zaidi na yana kafeini na katekini pungufu. Kwa hiyo nusu ya siri ya ule ulaini iko shambani tayari, hata kabla ya moto kuwashwa. Nusu nyingine ni kwamba jani halikatwi. Husokotwa likiwa zima, likatoka jembamba, jeusi, limejipinda, na jani zima hutoa vitu vyake kwenye maji polepole.

Kisha linakuja jengo. Wenyeji wana nyumba maalumu ya mbao, yenye ghorofa mbili au tatu, iliyojengwa kwa ajili ya chai tu. Sakafu za juu hazikuzibwa kwa mbao. Ni boriti zilizopangwa kwa nafasi, zikatandikwa mikeka ya mianzi. Chini huwashwa moto wa msonobari, aina inayoota kwa wingi kwenye milima hiyo, na joto pamoja na moshi hupanda ghorofa baada ya ghorofa. Majani mabichi hutandazwa juu ili yanyauke. Yakishalegea husokotwa, juisi ikatoka, hewa ikaanza kazi yake ya kuyageuza kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Katika utaratibu wa kale huingia pia hatua fupi ya kuyakaanga kwenye sufuria yenye moto mkali, kusimamisha mageuzi hayo kabla hayajazidi, kisha yanasokotwa tena. Mwisho yanarudishwa kwenye nyumba ileile, safari hii karibu zaidi na moto, na kufukizwa kwa saa nyingi hadi yakauke.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Moshi unakutana na jani mara mbili. Mara ya kwanza jani bado ni bichi, limelegea, linapumua maji. Mara ya pili limeshajeruhiwa kwa kusokotwa, limefunguka, bado lina unyevu, na linakaushwa ndani ya moshi huohuo. Moshi haupakwi juu ya chai iliyokwisha kutengenezwa. Unakuwa sehemu ya utengenezaji wake. Watu wa pwani wanaofukiza mtungi kwa ubani kabla ya kutia maji ya kunywa wataelewa haraka tofauti hii. Harufu iliyoingia kwenye vinyweleo vya udongo hutoka taratibu na kwa upole, wala si sawa na kudondoshea marashi kwenye bilauri.

Kemia inathibitisha kile ambacho pua inahisi. Kuni zikiungua, lignini iliyomo kwenye mti huvunjika, na lignini ya misonobari huzaa kwa wingi gwayakoli na ndugu zake, yale mafuta mepesi yanayotupa harufu ya moshi tunayoijua kwenye samaki na nyama. Utomvu wa msonobari nao una yake. Watafiti waliochambua harufu ya Lapsang Souchong wamekuta longifoleni kwa wingi, kitu kinachotoka kwenye utomvu huo na ambacho hakitarajiwi katika chai nyeusi ya kawaida. Ndiyo maana kuni za aina nyingine hazitoi chai ileile. Ukifukiza jani kwa mti usio na utomvu utapata moshi, ila hutapata ule ubaridi mtamu wa msitu unaobaki nyuma ya koo.

Kinachonishangaza ni kwamba, kwenye biashara ya chai duniani, harufu ya moshi ni kasoro. Waonjaji wakikuta moshi kwenye sampuli huiandika kama dosari, na mara nyingi maana yake ni kwamba kikaushio cha kiwandani kinavuja. Viwanda vya Kenya vinavyochoma kuni za mikaratusi hupitisha joto kwenye mvuke na mabomba hasa ili moshi usiguse majani. Huko Tongmu wamejenga nyumba nzima ili uyaguse.

Ilianzaje? Kijijini husimuliwa kwamba jeshi lilipita siku za uchumaji, askari wakalala kwenye nyumba za chai, kazi ikachelewa na majani yakageuka rangi. Wenye chai, kwa kuogopa hasara, wakayakausha haraka kwa moto wa msonobari, wakayapeleka sokoni, na wafanyabiashara wakarudi kuyaulizia. Ni hadithi nzuri na kila muuzaji anaipenda. Mimi naegemea maelezo yasiyo na askari. Mahali penye mvua na ukungu wakati wa mavuno huwezi kunyausha majani juani. Unahitaji moto, na kuni zilizopo ni misonobari. Watu wa nchi ya baridi na unyevu walifanya kilichowezekana, wakagundua kwamba kilichowezekana ni kitamu. Lisilo na ubishi mkubwa ni kwamba chai hii ni miongoni mwa chai nyeusi za mwanzo kabisa, na wengi huihesabu kuwa ya kwanza.

Kutoka Wuyi chai nyeusi ilisafiri mbali. Waingereza wa karne ya 18 waliinywa kwa jina la Bohea, na sehemu kubwa ya chai iliyotupwa baharini Boston mwaka 1773 ilikuwa hiyo. Katikati ya karne ya 19 Robert Fortune, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alipenya hadi milima ya Wuyi kwa niaba ya Kampuni ya Mashariki ya India, akachukua miche, mbegu na mafundi kuvipeleka Himalaya. Kilimo cha chai nchini India kilikua kwa mimea hiyo na zaidi kwa ile ya Assam, na kutoka India mbegu zilifika Limuru mwaka 1903. Kwa hiyo chai tunayokunywa kila asubuhi na hii ya moshi zina ukoo mmoja, ingawa ni wa mbali.

Leo chai halisi ya moshi iko taabuni, na sababu ziko pande zote mbili za bahari. Misonobari ya kusini mwa Uchina imeshambuliwa na minyoo midogo inayoikausha, hivyo ukataji na usafirishaji wa mbao zake umebanwa, na kuni zimekuwa shida. Wakati huohuo Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha antrakwinoni kwenye chai, miligramu 0.02 kwa kilo. Kitu hicho huzaliwa kuni zinapoungua bila kwisha, yaani palepale moshi mzuri unapotoka, na chai iliyofukizwa inavuka kikomo hicho kwa urahisi. Mwaka 2023 Twinings ya Uingereza iliacha kuuza Lapsang Souchong yake, ikaleta badala yake mchanganyiko uitwao Distinctly Smoky, na wanywaji wa muda mrefu wakalalamika kwa sauti. Sidai kwamba vikomo vya usalama ni vya kupuuzwa. Mtu anayekunywa vikombe vingi kila siku ana haki ya kujua kilichomo. Ila kikomo kilekile kinachomlinda mnywaji kinamsukuma mtengenezaji mdogo mwenye nyumba ya moshi nje ya soko, na nafasi yake inachukuliwa na majani ya bei rahisi yaliyotiwa ladha ya moshi kiwandani. Hilo linaniuma.

Wachina wenyewe nao wamebadili ladha. Mwaka 2005 mafundi wa Tongmu walitengeneza Jin Jun Mei, chai ya vichipukizi vitupu, bila moshi hata kidogo, na bei yake ilipanda hadi ikawavuta wakulima wengi upande huo. Lapsang Souchong isiyofukizwa nayo inapendwa sana ndani ya Uchina. Ile ya moshi mzito ilikuwa kwa sehemu kubwa chai ya kusafirishwa, ya watu wa mbali, na watu wa mbali sasa wanaipata kwa shida.

Mnunuzi atazitofautishaje? Iliyotiwa ladha hupiga kelele. Hunuka lami, harufu hubaki ileile kikombe cha kwanza hadi cha mwisho, na chini yake hakuna kitu, maji tu yenye uchungu. Halisi hubadilika. Moshi huwa juu katika mmimino wa kwanza, kisha hupungua, na kadiri unavyopungua ndivyo jani linavyojitokeza. Wataalamu wa Kichina hutafuta ladha ya longan iliyokaushwa, tunda lililo ndugu wa shokishoki, na ukishaionja mara moja kwenye chai hii hutaisahau: utamu mzito, wa kahawia, unaokaa kifuani. Kama haupo, moshi umefunika jani dhaifu.

Kuitayarisha hakuhitaji vyombo vya gharama. Gramu 3 za majani kwa kikombe cha mililita 200, maji yaliyochemka kweli, dakika 3, kisha chuja. Usiichemshe kwenye sufuria. Kuchemsha kunafaa punje zetu zilizotengenezwa ili zinywewe na maziwa. Jani hili likichemshwa hufukuza harufu zake nzuri na kubakiza ya majivu. Ukitaka kuifuata inavyobadilika, tumia bakuli dogo lenye kifuniko, gramu 5 kwa mililita 100 hivi, na kila mmimino ukae sekunde 10 au 15 tu, ukirudia mara tano au sita. Tangawizi na iliki ziache, zitagombana na moshi na hakuna atakayeshinda. Maziwa kidogo yanakubalika kwenye chai yenye moshi mzito sana. Sukari, kama unaihitaji, iwe kidogo. Chakula kinachoipenda ni chenye mafuta na chumvi: nyama choma, samaki wa kukaanga, jibini. Na majani yahifadhiwe kwenye kopo lake peke yake, limefungwa sawasawa, maana yakikaa karibu na chai nyingine, baada ya wiki chache zote zitanuka moshi.

Nimefikiria sana kuhusu Mufindi, ambako mashamba ya chai na misitu ya misonobari ya Sao Hill viko katika wilaya moja. Msonobari wa huko si ule wa Fujian. Asili yake ni Meksiko. Michai nayo ni tofauti, kwa hiyo anayetaka kunakili Tongmu ataishia kukata tamaa. Lakini mkulima mdogo mwenye jani zuri, anayelisokota zima na kulifukiza taratibu kwa kuni za kwao, atapata kitu ambacho bado hakina jina, na mimi ningekinunua.

Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni kutafuta chai mbili za Tongmu, moja iliyofukizwa na moja isiyofukizwa, kidogokidogo, hata gramu 25 za kila moja. Anza na isiyofukizwa, kwa sababu moshi ukishatangulia ulimi hautasikia kitu kingine kwa muda. Inywe hadi uujue utamu wa jani lenyewe. Kisha tia maji kwenye ile ya moshi, uutafute utamu uleule chini yake.