Picha Iliyosahau Kwao

Jina lake ni IMG-20240312-WA0007. Tuseme ni picha ya dau lililopandishwa mchangani Darakasi, pwani ya Wabajuni kusini mwa Kismayo, Somalia. Ilipigwa kwa filamu kabla ya vita vya 1991, ikavuka bahari sandukuni, mjukuu akaiskani Mombasa, akaitengeneza rangi kwa kompyuta, akaituma London kwa WhatsApp. Shangazi wa huko akiitafuta simuni ataikuta katikati ya picha za Machi 2024, kati ya keki ya harusi na risiti ya umeme.

Simu haikudanganya. Siku ya kutumwa ndiyo pekee iliyobaki kuijua.

Ndani ya faili la picha mna vitu viwili: rangi tunazoziona, na maelezo tusiyoyaona. Utaratibu wa Exif, uliotoka Japani mwaka 1995, huandika saa ya kupigwa, aina ya kamera, hata latitudo na longitudo za mahali. Pembeni yake kuna nafasi za IPTC, ambamo mtu huandika kwa mkono wake: nani, wapi, nini. WhatsApp ikitumiwa kwa njia ya kawaida hupunguza picha na kuyatupa maelezo hayo. Siilaumu sana. Namba zinazoelekeza mpaka mlangoni kwa mtu aliyebaki visiwani kwa Wabajuni si za kupitishwa kila kundi.

Sura nayo huchakaa. JPEG, kiwango cha mwaka 1992, huikata picha vipande vya nukta 64, nane kwa nane, kisha hukadiria kila kipande na kuacha vitu vidogo ambavyo jicho halivioni. Kunakili faili hakupunguzi kitu. Kinachopunguza ni kuihifadhi upya, kama majani ya chai yanayochemshwa mara ya nne. Nyuzi za tanga ndizo hupotea kwanza. Dawa ipo: itume kama hati, si kama picha, nayo itafika jinsi ilivyotoka.

Programu za kuhariri picha, kama Lightroom, zina hila nyingine. Haziigusi picha ya asili hata kidogo. Huandika maagizo tu: ongeza mwanga hapa, punguza buluu pale, na maagizo hayo hukaa kwenye katalogi zao au kwenye faili dogo la XMP, utaratibu ambao Adobe iliutoa mwaka 2001. Ukihamisha picha ukaliacha hilo dogo, kazi ya usiku kucha imebaki nyuma. Rangi zikipauka baada ya kupandishwa mtandaoni, mara nyingi picha ilitolewa kwa mpangilio wa rangi wa Adobe RGB badala ya sRGB.

Lakini kwa Wabajuni, rangi ni jambo dogo. Walioomba hifadhi Uingereza walihojiwa majina ya visiwa na vijiji, na Kibajuni chao kikachunguzwa. Chula, Chovai, Koyama: jina la mahali lilikuwa na uzito zaidi kuliko sura ya mahali. Kwa hiyo mjukuu yule, kabla ya kutuma, angeandika “Darakasi” kwenye nafasi ya maelezo, na tarehe ya kukisia, kisha angeituma kama hati.

Na picha ile ya karatasi airudishe kwenye skana, chali. Huko nyuma, kwa wino wa kalamu uliokwisha kufifia, mtu alikuwa ameandika dau ni la nani.