Singer ya bibi haina zebaki

Swali hili nimeulizwa Kashai, nimeulizwa Rwamishenye hapa Bukoba, na nikienda Muleba kutengeneza cherehani za mafundi wa Nshamba na Kamachumu, naulizwa tena kabla sijashika bisibisi: "Fundi, Singer ya bibi ina zebaki?" Wanaouliza ni watu wazima, wengi wamesoma, wengine ni walimu. Leo nawajibu wote kwa pamoja. Haina, na haijawahi kuwa nayo. Anayekuambia inayo anataka hela yako au anataka cherehani yako.

Madai yenyewe mnayajua. Singer za zamani, hasa zile nyeusi zenye nakshi za dhahabu, eti ziliwekewa zebaki nyekundu kwenye sindano au ndani ya kichwa, na yupo mnunuzi kutoka nje anayelipa mamilioni. Kipimo chake ni simu: isogeze karibu na sindano, na mtandao ukikatika basi mali imo.

Uvumi huo haukuzaliwa Kagera. Mwezi Aprili 2009 ulilipuka Saudi Arabia. Watu walivamia masoko kusaka Singer kuukuu, na bei zikatajwa kufika riyali 200,000 kwa mashine moja. Kipimo cha simu kilikuwa hikihiki. Zebaki haikupatikana, na waliouziwa wakabaki na vyuma vyao. Jina la zebaki nyekundu lenyewe ni la zamani zaidi: lilivuma wakati Umoja wa Kisovyeti ukielekea kuvunjika, likiuzwa kama siri ya kutengenezea mabomu ya nyuklia. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikwisha kutamka wazi kwamba kitu hicho hakipo. Hata hivyo, kusini mwa Afrika wapo waliofungua mabomu ya kutegwa ardhini wakikitafuta.

Sasa tuitazame cherehani. Sindano ni chuma cha pua kitupu, haina uwazi wa kuficha hata tone. Tena sindano huvunjika na huwa butu. Mashine iliyoshona sare za shule tangu miaka ya 1950 imebadilishiwa sindano mara zisizohesabika, na hiyo iliyomo leo uliinunua wewe mwenyewe dukani. Kiwanda gani kingeficha utajiri kwenye kifaa kinachotupwa kila mara? Kichwa nacho ni chuma cha kumimina, na ndani yake mna mhimili, vyuma vya kusukumana na nafasi tupu. Nimevifungua mpaka skrubu ya mwisho. Hukutwa mafuta yaliyoganda, vipande vya uzi na vumbi la kitambaa. Wala Singer hazikuwa hazina adimu: mwaka 1913 peke yake, kiwanda cha Clydebank kule Uskoti kilitoa mashine zipatazo milioni 1.3.

Zebaki ya kweli sisi wa kanda hii tunaifahamu. Wachimbaji wadogo wa Geita na Biharamulo huitumia kukamatia dhahabu. Ina rangi ya fedha, ni kimiminika, lita yake moja ina uzito wa kilo 13.6, na mvuke wake ni sumu inayoharibu ubongo na figo. Ingekuwa imo kwenye cherehani, ingepasa kukutia hofu, si tamaa.

Na simu? Kwenye mabonde ya Muleba mtandao hukatika hata ukiwa umesimama katikati ya migomba bila cherehani yoyote. Mwenye nia mbaya huukata mwenyewe kwa kidole gumba bila wewe kuona. Hicho si kipimo cha kitu chochote.

Kinachoniuma ni hasara. Naletewa vichwa vilivyokatwa kwa msumeno, vimeng'olewa chuma cha kushikia sindano, vimetobolewa nguzo. Mashine ambayo ingesomesha watoto inaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wengine hutozwa "hela ya kupimia", kisha mpimaji haonekani tena. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Mahali pa jambo hilo ni polisi, si kwa fundi.

Swali la maana ni hili: cherehani yangu ni ya aina gani, na spea zake nitazipata wapi?

Anza na namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia, chini ya nguzo. Tarakimu tupu bila herufi maana yake ni kabla ya 1900. Herufi moja ni kuanzia 1900 hadi karibu 1935. Y, kwa mfano, ni ya Clydebank, miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930. Herufi mbili ni baada ya hapo, na zinazoanza na E ni za Clydebank pia. Lakini namba hiyo hutaja umri na kiwanda tu. Aina itazame kwenye bobini. Ikiwa bobini inaingia kwa ubavuni kushoto ndani ya kesi yake, na kikaza uzi kipo kwenye bamba la mwisho kushoto, hiyo ni familia ya Singer 15. Ikiwa inatumbukizwa kutoka juu, chini ya kibao cha kuteleza, ni 66, 99 au 201. Ikiwa ni ndefu kama kijiti na inakaa ndani ya shatili yenye umbo la risasi, ni 27, 28, 127 au 128.

Mwenye 15 ana bahati. Butterfly za Shanghai na nyingi za Kichina ziliigwa kwake, kwa hiyo bobini, kesi na spea nyingine nyingi huingiliana. Mwenye 66 aombe bobini ya 66, ile yenye mashavu yaliyotuna. Ya 15 itakwama. Mwenye shatili anunue kichwa kibovu cha aina hiyo akitunze kwa spea. Sindano kwa zote hizo ni ya pakiti iliyoandikwa HA×1 au 130/705, na mfereji wake mrefu uelekee upande uzi unakoingilia. Singer 12 ina sindano yake, ngumu kupata. Skrubu usitupe hata moja, maana nyuzi zake ni za Singer wenyewe. Ukilazimisha ya kawaida unaharibu tundu.

Spea zikikosekana Bukoba mjini, agiza Mwanza au Kariakoo, au vuka Mutukula hadi Kampala. Beba kifaa cha zamani mkononi, usitegemee maelezo ya mdomo. Iliyokwama mara nyingi imegandishwa na mafuta ya kupikia: tia mafuta ya taa, ilaze usiku mmoja, izungushe, ifute, kisha utie mafuta ya cherehani. Mvua zetu huleta kutu, basi ifunike. Iliyoanguka, iwe kwenye tetemeko la ardhi la Septemba 2016 au siku nyingine, kagua nguzo; ikiwa ina ufa, usinunue.

Akija mnunuzi wa zebaki, usimwachie cherehani aipime, na usimpe hata shilingi moja. Mwite mwenyekiti wa mtaa.