Ufadhili wa Masomo ya Juu: Mwongozo kwa Wachungaji na Wanafunzi

1. Utangulizi

Kila mwaka ofisi za walimu wa theolojia na nyumba za wachungaji hupokea wageni wa namna moja. Huja kijana mwenye shahada ya kwanza, mkononi ana barua ya udahili kutoka chuo kikuu cha mbali, na usoni ana furaha iliyochanganyika na hofu. Amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili, fedha hana. Anauliza: "Mchungaji, nifanyeje?" Mara nyingi tunamjibu kwa maombi na kwa maneno ya kutia moyo, kisha tunamwacha aende zake. Maombi ni ya lazima. Lakini yatupasa pia kumjibu kwa maarifa, na madhumuni ya makala haya ni kueleza maarifa hayo kwa ufupi.

Ninaandika pia kwa sababu nina deni. Nilipokuwa nikiwahudumia Wakristo wachache wa Kurui, katika wilaya ya Kisarawe, binti wa mwinjilisti wetu alimaliza shahada ya sheria. Alitaka kuendelea na uzamili katika sheria za ardhi, kwa maana alikua akiona wazee wakiuza mashamba kwa wageni kutoka Dar es Salaam bila kuelewa karatasi walizokuwa wakitia dole gumba. Alipata nafasi katika chuo cha ng'ambo. Baba yake akaja kwangu jioni, akaniambia ameamua kuuza shamba lake la mikorosho. Nilipomsihi asubiri, alinijibu, "Mchungaji, mikorosho si mtoto." Nitarudi kwenye habari hii, kwa maana ndani yake limo kosa langu mwenyewe.

2. Je, ni aibu kuomba?

Wako Wakristo wanaodhani kwamba kumwandikia mtu usiyemjua na kumwomba fedha ni kukosa imani. Historia ya kanisa letu haikubaliani nao. Martin Luther alipofanywa kuwa daktari wa theolojia huko Wittenberg mnamo Oktoba 1512, ada yake ilikuwa gulden 50, nayo hakuwa nayo, kwa kuwa alikuwa mtawa. Fedha hizo zilitolewa na Frederick mwenye Hekima, mtawala wa Saxony, na Luther akaenda mwenyewe kuzipokea Leipzig. Palikuwapo sharti: msimamizi wake, Johann von Staupitz, aliahidi kwamba Luther angefundisha Maandiko Matakatifu katika chuo cha Wittenberg maisha yake yote. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa ufadhili wenye mkataba wa utumishi. Matunda yake tunayajua.

Karibu na kwetu, Mwalimu Julius Nyerere alisoma Edinburgh tangu 1949 hadi 1952 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, kisha akarudi na kufundisha Pugu, kando ya barabara iendayo Kisarawe, hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Katika Kenya, Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960 pamoja na mamia ya vijana waliopelekwa Marekani kwa juhudi zilizoanzishwa na Tom Mboya. Shahada ya kwanza ilikuwa na mfadhili wake; alipotaka uzamili huko Pittsburgh, alihitaji mfadhili mwingine, akampata. Askofu Josiah Kibira, aliyesoma Bethel nchini Ujerumani na baadaye Boston nchini Marekani, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani katika mkutano wa Dar es Salaam mwaka 1977. Hakuna hata mmoja wa hao aliyelipiwa masomo yake ya ng'ambo kwa mfuko wa baba yake.

3. Milango iliyopo

Mwombaji hana budi kuanza kwa kutofautisha mambo mawili: udahili na ufadhili. Chuo kikikukubali, hakijasema kwamba kitakulipia. Tena ufadhili wenyewe ni wa namna nyingi. Uko unaolipa kila kitu. Uko unaolipa ada tu. Uko wa nauli, na uko wa utafiti tu. Milango yenyewe twaweza kuigawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni njia ya kanisa. Shirikisho la Kilutheri Duniani, lililoundwa Lund mwaka 1947, limesomesha watumishi wengi wa Afrika, na desturi yake ni kwamba ombi hupitia kanisa mwanachama, si moja kwa moja kutoka kwa mtu binafsi. Vivyo hivyo dayosisi zenye uhusiano wa kirafiki na makanisa ya Ujerumani, Marekani au nchi za Skandinavia huweza kumwombea mtumishi wao. Hapa uamuzi huanzia nyumbani: asiyejulikana na dayosisi yake hana pa kuanzia.

Fungu la pili ni taasisi za Kikristo zisizo za dhehebu moja. Chuo cha Kiekumene cha Bossey, karibu na Geneva, kilichoanzishwa mwaka 1946, kina nafasi za ufadhili kwa wanafunzi wake. Mpango wa Langham, ulioasisiwa na John Stott, huwasaidia wanaosomea uzamivu ili wafundishe katika vyuo vya theolojia vya nchi zao.

Fungu la tatu ni ufadhili wa nchi na serikali, na hapa ndipo wanafunzi wetu wa theolojia wanapojidharau bila sababu. Mpango wa Jumuiya ya Madola ulibuniwa mwaka 1959. Fulbright wa Marekani una asili yake mwaka 1946. DAAD ya Ujerumani ilianza mwaka 1925. Chevening wa Uingereza mwaka 1983. Kila mmoja una shabaha yake. Jumuiya ya Madola hutazama mchango wa masomo katika maendeleo ya nchi. Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja, hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Mchungaji aliyehudumu usharika kwa miaka mitatu amefanya kazi. Asione haya kuiandika.

Fungu la nne ni mifuko midogo na ya makundi maalumu. Kwa mfano, chama cha wanawake cha P.E.O. cha Marekani kimekuwa na mfuko wa amani tangu 1949 kwa ajili ya wanawake wa nchi nyingine wanaosoma shahada za juu Marekani na Kanada. Fedha za mifuko kama hiyo hazitoshi peke yake, lakini huziba pengo. Vyuo vyenyewe pia huwapa baadhi ya wanafunzi punguzo la ada au kazi ya kusaidia kufundisha, nao wengi hawapewi kwa sababu hawakuuliza.

Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mwombaji asitegemee habari za mwenzake aliyeomba zamani, wala makala haya. Asome tangazo la mwaka wake kutoka kwa mfadhili mwenyewe.

4. Kalenda

Wengi hushindwa kabla hawajaandika neno moja, kwa kuchelewa. Anayetaka kuanza masomo Septemba yampasa aanze maandalizi mwaka mmoja na nusu kabla. Maombi ya Chevening, kwa mfano, kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba, kwa ajili ya masomo ya mwaka unaofuata. Kabla ya hapo lazima pasipoti iwepo, vyeti na nakala za matokeo ziwe zimepatikana chuoni, mtihani wa Kiingereza uwe umepangwa pale unapotakiwa, na barua za mapendekezo ziwe zimeombwa. Tume ya Vyuo Vikuu nayo ina taratibu zake kwa wanaokwenda kusoma nje na kwa kutambua shahada watakazorudi nazo. Ni heri kuziuliza mapema kuliko kurudi na shahada yenye maswali.

5. Barua ya mwombaji

Kielelezo bora cha barua ya kuomba msaada kwa watu wasiomjua mwombaji kimo katika Agano Jipya, nacho ni Warumi 15. Paulo hajafika Roma. Anataka kwenda Spania, na anatumaini Warumi watamsaidia kusafiri (mst. 24). Tazama jinsi anavyojenga hoja. Kwanza anataja kazi iliyokwisha kufanyika, tena kwa mipaka inayojulikana: kutoka Yerusalemu hadi Iliriko (mst. 19). Pili anaeleza kwa nini sasa anaelekea mahali papya. Tatu anataja wajibu alio nao kwanza, yaani kupeleka mchango wa watakatifu Yerusalemu (mst. 25-26). Nne anasema wazi anachotarajia kwao.

Mwombaji afuate njia hiyo. Asiandike, "Napenda sana kusoma tangu utotoni." Aandike amefanya nini, wapi, kwa muda gani. Aeleze tatizo analotaka kulichunguza na kwa nini chuo hicho, wala si kingine, kinafaa. Aseme atarudi kufanya nini na nani anamngojea. Umaskini wake autaje kwa sentensi moja, kwa kuwa waombaji wote ni wahitaji. Mfadhili anatafuta mahali ambapo fedha yake itazaa.

6. Barua ya mchungaji

Sasa narudi Kurui. Binti yule aliniomba barua ya mapendekezo. Niliiandika Jumamosi usiku, baada ya kumaliza hubiri, mistari mitano: kwamba namfahamu, ni Mkristo mwaminifu, ni mwimbaji wa kwaya, ana tabia njema, naomba asaidiwe. Nikagonga muhuri, nikaona nimemtendea wema. Hakuchaguliwa. Sikuambiwa kamwe kwamba barua yangu ndiyo iliyomwangusha. Lakini miezi michache baadaye niliisoma tena, nikaona kwamba ningeweza kuiandika vile vile kwa mwanakwaya mwingine yeyote. Sikuwa nimesema neno lolote ambalo yeye peke yake alikuwa nalo.

Linganisha na Warumi 16:1-2. Paulo anamtaja Fibi kwa jina, anataja utumishi wake na kanisa lake la Kenkrea, anaeleza alichotenda, kwamba aliwasaidia wengi pamoja na Paulo mwenyewe, kisha anaomba apokewe na kusaidiwa. Katika aya mbili fupi msomaji anajua Fibi ni nani na kwa nini anastahili.

Mwaka uliofuata niliandika upya. Nilieleza kwamba binti huyo, akiwa mwanafunzi, alitumia likizo mbili kuwasomea wazee wa Kurui hati zao za mashamba, na kwamba nilikuwapo siku alipomzuia mjane mmoja asiweke alama kwenye karatasi ya mauzo aliyoambiwa kuwa ni ya mkopo. Alipewa ada yote. Fedha za kujikimu hakupewa. Ndipo tulipomshauri asisafiri, aombe chuo kimwahirishie mwaka mmoja, na katika mwaka huo akapata mfuko mwingine mdogo, na usharika ukachangia nauli. Alikwenda akiwa amechelewa miaka miwili. Mikorosho ya baba yake ingali imesimama.

7. Gharama na hadhari

Mfano wa mnara katika Luka 14:28 unafundisha kuketi na kuhesabu kwanza. Hesabu hiyo si ada peke yake. Iko nauli, malazi, chakula, bima ya afya, vitabu, nguo za baridi, ada ya visa, na kwa waendao Uingereza kwa muda mrefu, kipimo cha kifua kikuu. Kwa mtumishi mwenye familia liko pia swali la wale wanaobaki: mke na watoto watakula nini? Ufadhili usiolijibu swali hilo umepatikana nusu.

Tena, jihadharini na matapeli. Mtu akikuambia umeshinda ufadhili ambao hukuuomba, au akidai fedha "za usajili" kwa simu ili jina lako lisifutwe, huyo ni mwizi. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi ya udahili, na hilo ni halali. Lakini wafadhili niliowataja hawauzi ufadhili wao kwa mawakala.

8. Hitimisho

Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya ushirika wa kutoa na kupokea (Flp. 4:15-17), akasema kwamba hakutafuta kipawa chenyewe, bali matunda yake. Na kwa habari ya changizo alitaka kila jambo lionekane safi mbele za Mungu na mbele za watu (2 Kor. 8:20-21). Kwa hiyo anayefadhiliwa ana wajibu wa kutoa taarifa, kutimiza mkataba na kurudi kwa waliomtuma.

Ndugu wachungaji, nanyi wanafunzi mtakaokuwa wachungaji, kijana atakapokuja na barua ya udahili, mwombeeni. Kisha mketisheni, mkamwulize amefanya nini, mkaandike. Wala msingoje Jumamosi usiku.