Mlinzi wa Malango na Mwanawe

Kila askari aliyepata kusimama lindo usiku aijua desturi hii: mtu akitokea gizani husimamishwa, huulizwa neno la siri la usiku ule, na asipolijua hapiti, hata kama ni afande mwenyewe. Neno hilo hubadilishwa mara kwa mara, wala haliandikwi ukutani. Jambo hilo, ambalo kuruta hulijua tangu siku zake za mwanzo kambini, lilichukua miaka mingi kuwaingia akilini watumiaji wa kompyuta. Mmoja wa waliojitahidi kuwafundisha alikuwa Mmarekani Robert Morris, ambaye safari yake ya kazi tumeona yafaa kuisimulia kwa watu wa usalama wausomao ukurasa huu.

Morris alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Boston, akasoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1960 akaajiriwa katika maabara ya Bell, iliyokuwa mali ya kampuni kuu ya simu ya Marekani. Kompyuta za siku zile zilikuwa kubwa na ghali mno, hata watu wengi walilazimika kuitumia moja kwa pamoja, kila mmoja na jina lake na neno lake la siri. Maneno hayo yote yaliwekwa ndani ya mashine katika orodha moja, yakiwa wazi kama majina katika daftari la zamu. Katika miaka ya 1960, kwenye chuo cha MIT, msimamizi mmoja wa mashine alikuwa akiisahihisha orodha hiyo wakati mwenzake akiandika tangazo la siku. Kwa kasoro ya programu, kazi zao mbili zikabadilishana mahali, na kila aliyeingia katika kompyuta badala ya kuona tangazo akaonyeshwa maneno ya siri ya watu wote!

Dawa aliyoishughulikia Morris ilikuwa kuifuta kabisa haja ya kuwa na orodha ya namna ile. Mtu asagaye mahindi hupata unga, lakini hakuna awezaye kuurudisha unga kuwa punje. Basi mashine ikafundishwa kulisaga neno la siri kwa hesabu ngumu na kuhifadhi unga wake tu. Mwenye neno akija, mashine hulisaga upya neno alilolitaja, ikalinganisha unga kwa unga. Na ili adui asiweze kuisaga kamusi nzima mapema na kuiweka ghalani akisubiri nafasi, kila neno lilichanganywa na namba moja kati ya 4,096. Namba hiyo wataalamu waliipa jina la chumvi.

Mwaka 1979 Morris na mwenzake Ken Thompson walichapisha maelezo ya kazi hiyo, na humo ndimo ilimokuwa habari nzito kuliko hesabu zenyewe. Walikuwa wamekusanya maneno ya siri 3,289 yaliyochaguliwa na watumiaji. Maneno 15 yalikuwa ya alama moja tu. Mengine 72 yalikuwa ya alama mbili, na 464 ya alama tatu. Ukijumlisha na yale mafupi mengine pamoja na yaliyopatikana katika kamusi na orodha za majina ya watu, maneno 2,831, yaani asilimia 86, yangeweza kukisiwa bila taabu kubwa. Kufuli lilikuwa imara, lakini mwenye nyumba ndiye aliyeuacha ufunguo mlangoni. Wala tusiwacheke. Sisi wenyewe tuliwahi kuingia katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, tukakuta neno la siri la kompyuta limebandikwa ukutani kando ya kalenda, ili zamu ya usiku isisumbuke.

Mwaka 1986 Morris aliiacha kazi ya kampuni akaingia katika utumishi wa dola. Alijiunga na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, lenye makao yake Fort Meade, akawa mwanasayansi mkuu wa kituo kilichopewa jukumu la usalama wa kompyuta. Kazi ya kituo hicho ilikuwa kuzipima mashine na kuamua kama zaweza kukabidhiwa siri za serikali na majeshi. Ni cheo ambacho wengi wangekitamani.

Hata miaka mitatu haijatimia, msiba ukatoka nyumbani mwake.

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, programu ndogo ilianza kutambaa kutoka mashine hadi mashine katika mtandao uliounganisha vyuo, maabara na baadhi ya vituo vya kijeshi vya Marekani. Wataalamu waliiita mnyoo. Haikufuta faili wala kuiba siri. Iliingia tu, ikajizaa, ikatafuta pa kwenda. Mlango mmoja iliouingilia ulikuwa umeachwa wazi na mafundi kwa ajili ya majaribio yao. Na mlango mwingine ndio ule ule ambao Morris alikuwa ameupigia kelele tangu 1979: mnyoo ulilijaribu jina la mtumiaji, ukaligeuza nyuma mbele, kisha ukapitia orodha yake wenyewe ya maneno 432 ambayo watu hupenda kuyatumia. Miaka 9 ilikuwa imepita, na maneno mengi yalikubali.

Aliyeutunga alikuwa Robert Tappan Morris, kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtoto wa mlinzi wa malango.

Kijana huyo hakukusudia mashine zisimame. Alikuwa ameuamuru mnyoo uulize kwanza kama ndugu yake yumo ndani, na akiwamo uondoke. Lakini akahofu kwamba walinzi wangeifundisha mashine kujibu uongo, akaongeza kwamba mara moja katika kila mara 7 mnyoo ukae tu, hata ukijibiwa kwamba mwenzake yumo. Hapo hesabu yake ikamsaliti. Mashine zilipata nakala juu ya nakala hadi zikashindwa kupumua. Idadi iliyotajwa mara nyingi ni kompyuta 6,000, katika mtandao uliokadiriwa kuwa na 60,000. Kijana alipotaharuki alimwomba rafiki yake apeleke onyo pamoja na maelezo ya namna ya kujikinga, ila njia zenyewe zilikuwa zimekwisha kuzibwa na mnyoo, na ujumbe ukachelewa. Kwa muda wa siku mbili hivi mafundi wa vyuo mbalimbali walikesha wakiufungua mnyoo kipande kwa kipande. Kabla ya mwezi huo kwisha, Wizara ya Ulinzi, kwa kupitia idara yake ya utafiti, iliunda kikosi cha kwanza cha dharura za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni kwamba kijana aliijua njia iliyonyooka, kwani alikwisha kuipita. Mwaka 1985, akiwa katika maabara ile ile ya Bell, aliandika taarifa kuhusu udhaifu aliougundua katika programu ya mawasiliano ya kompyuta. Taarifa ikatolewa, wahusika wakaisoma, na hakuna mashine iliyosimama. Safari hii hakumwandikia mtu. Kila afisa wa upelelezi aijua tofauti ya askari anayekuja kuripoti kwamba ua wa ghala la silaha una tundu na yule anayepita tunduni usiku ili kuthibitisha kwamba lipo.

Sheria ya Marekani dhidi ya udanganyifu wa kompyuta ilikuwa ya mwaka 1986, ingali mbichi. Januari 1990, mahakamani Syracuse, baraza la raia lilimtia kijana hatiani, wa kwanza kuhukumiwa na baraza kwa sheria hiyo. Cheo cha baba hakikumzuilia kesi. Mwezi wa Mei alipewa adhabu ya miaka 3 chini ya uangalizi, saa 400 za kuitumikia jamii, na faini ya dola 10,050. Wako walioiona nyepesi na wako walioiona nzito. Sisi twaona hakimu alipima vema kati ya hasara iliyotokea na nia isiyokuwa ya wizi. Alikata rufani, na mwaka 1991 rufani ikatupwa.

Baba naye hakuondolewa kazini kwa kosa la mwanawe. Aliendelea na utumishi mpaka alipostaafu mwaka 1994, na alifariki dunia tarehe 26 Juni 2011. Mwana alirudi masomoni, akamaliza, na baadaye akawa profesa wa kompyuta katika chuo cha MIT, ambako ndiko alikouachilia mnyoo wake usiku ule ili usijulikane ulikotoka.