Kutoka Mjini Goma Kwenda Pembezoni: Maisha Juu ya Jiwe Jeusi

Kuhama katikati ya Goma kwenda pembezoni mwake si safari ndefu. Mugunga iko kama kilomita 10 magharibi mwa mji, kwenye barabara ya kitaifa namba 2 iendayo Sake, na pikipiki hufika haraka. Ugumu huanza mhamaji akishashuka na kukanyaga chini. Mwenyeji wa kwanza anayempokea ni jiwe, na mambo mengi atakayohangaika nayo baadaye, kuanzia maji hadi choo na bustani, yatarudi kwenye jiwe hilo.

Mji wenyewe umebanwa. Kusini kuna Ziwa Kivu, na mashariki kuna mpaka wa Rwanda unaopita karibu na nyumba za watu. Kaskazini kuna Nyiragongo, volkano yenye urefu wa mita 3,470 kutoka usawa wa bahari. Mji ukijaa, hauna pa kufurikia ila magharibi, kupitia Keshero, Ndosho na Mugunga, au kaskazini, kuelekea Munigi, Turunga na Buhene, yaani kuusogelea mlima. Nao umejaa kweli. Sensa ya mwisho ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile ya 1984, ilikuta Goma watu wasiofika 80,000. Leo wamepita milioni. Vita vya teritwari jirani za Masisi na Rutshuru vilisukuma familia nyingi mjini, na fedha za biashara na za mashirika ya misaada zikapandisha kodi za nyumba. Mpangaji wa Himbi au Katindo anayedaiwa kodi kwa dola kila mwezi hufika siku akapiga hesabu na kuamua kutafuta parseli, yaani kiwanja, yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa mbali.

Parseli hutafutwa kwa komisioneri, dalali anayejua nani anauza wapi, na hapo ndipo mnunuzi hupaswa kufungua macho. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya serikali. Mtu hapati ardhi, hupata haki ya kuitumia. Haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji inayotolewa na mwandikishaji wa hati za ardhi, baada ya mwenye kiwanja kuonyesha kwamba amekiendeleza. Watu wengi wa pembezoni hawafiki huko. Wana karatasi ya mauzo iliyosainiwa na mashahidi, au fishi ya kartie, yaani ya mtaa, au, upande wa teritwari ya Nyiragongo, maandishi ya wakubwa wa kimila wa chefferie ya Bukumu. Karatasi hizo zina kazi yake, lakini si sertifika, na parseli moja inaweza kuuzwa kwa watu wawili wenye karatasi mbili zinazofanana. Mnunuzi makini hulala na fedha yake kwanza. Huenda kwa shefu wa avenyu, huuliza majirani wa pande zote nne mpaka uko wapi, kisha huangalia kwenye ofisi ya ardhi kama kiwanja kimekwisha kuandikwa kwa jina la mtu mwingine. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, limeongezeka swali jingine: muhuri wa ofisi gani utakuja kutambuliwa na nani.

Anayehama kwenda kupanga naye ana sheria yake. Sheria ya Desemba 31, 2015 kuhusu upangaji wa nyumba za kuishi imeweka kikomo cha garanti, yaani fedha anayoweka mpangaji kabla ya kuingia, kuwa kodi ya miezi 3. Wenye nyumba wengi hawataki kuisikia.

Kiwanja kikipatikana, kazi inaanza. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi ajabu inapotoka; hutiririka kama uji, na ndiyo maana mwaka 1977, mlima ulipolipuka, iliwafikia watu kabla hawajakimbia. Ikipoa hubaki mabamba, matuta, mashimo na mapango. Parseli mpya kwa hiyo haifanani na uwanja. Inafanana zaidi na bahari iliyochafuka ikagandishwa ghafla. Vijana hukodiwa waje na mitaimbo na nyundo nzito, wavunje matuta na kujaza mashimo kwa vipande vyake. Mawe makubwa hupangwa kuwa ukuta wa uzio bila saruji, jiwe juu ya jiwe, na madogo hugongwagongwa na wanawake walioketi kando ya njia hadi yawe kokoto za kuuza kwa wajenzi. Hakuna kinachotupwa. Wiki kadhaa baadaye panakuwa na sakafu nyeusi iliyo sawasawa, na mwenye nayo ana msingi wa nyumba ambao watu wa miji mingine wangeununua kwa saruji nyingi.

Nyumba ya kwanza kwa kawaida ni ya mbao za mkaratusi na mabati. Wageni huiona ni dalili ya umaskini tu. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo, lakini ina akili yake. Ni nyepesi, haihitaji msingi wa kuchimba, na inahamishika. Familia inayotoka Majengo kwenda Mugunga inaweza kuibomoa nyumba yake ubao kwa ubao, ikainyoosha misumari iliyopinda, ikapakia kila kitu juu ya chukudu. Chukudu ni baiskeli ya mbao tupu isiyo na pedeli, magurudumu yake yamevikwa mpira wa tairi kuukuu, na mwendeshaji huisukuma kwa mguu mmoja huku goti la pili likiwa limepumzika juu ya ubao. Inabeba mamia ya kilo. Mbao chini, mabati juu yake, magodoro juu ya mabati, na sufuria zikining'inia pembeni: nyumba nzima hupita barabarani ikienda kusimamishwa upya kabla ya jua kuzama.

Maji ni shauri jingine. Goma inapata mvua nyingi na ina ziwa miguuni pake, lakini jiwe la lava limejaa nyufa: mvua hunyesha, hupotea. Hakuna mto unaopita mjini na hakuna kisima cha kuchimba kwa jembe. Bomba la REGIDESO, shirika la maji la taifa, halifiki kila avenyu, na mabomba ya umma huwa na mistari mirefu ya bidoni za njano za lita 20. Kwa hiyo mhamaji mwenye busara hununua mfereji wa bati na pipa vya kukingia mvua kabla ya kununua kiti. Wanaoteka ziwani hupaswa kuyatia klorini maji yao, maana kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao milioni moja walipovuka mpaka kwa siku chache, ugonjwa huo uliua makumi ya maelfu yao, na jiwe hili hili lilikataa kuchimbika, iwe kwa choo au kwa kaburi.

Hilo la choo halijabadilika. Shimo la mita 2 linaweza kumaliza fedha ya mabati yote ya nyumba, na baadhi ya watu hujenga choo juu ya ngazi, shimo lake likiwa sanduku la mawe na saruji linalozolewa likijaa. Wengine hubahatika kupata ufa wa asili na kuutumia. Ni rahisi, ila kinachoingia katika ufa huo huteremka kuelekea ziwani, na ziwani ndiko bidoni zinakojazwa.

Kuna hatari ambayo haionekani. Upande wa Lac Vert na Bulengo, ardhi hutoa gesi ya kaboni dioksaidi ambayo wenyeji wanaiita mazuku, upepo mbaya. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haina rangi, na hutuama mabondeni na mashimoni kama maji katika bakuli, hasa alfajiri kabla ya upepo kuvuma. Mtu mzima anaweza kupita akiwa wima bila kujua kitu, huku mbuzi wake akianguka na mtoto aliyeinama akizimia. Watu wa mahali hapo wanayajua mabonde yao: ndege waliokufa chini ni alama, na moto wa kiberiti unaozimika ukishushwa shimoni ni alama nyingine, lakini aliyeona alama hiyo ameshakaribia mno. Mnunuzi wa parseli ya bei nafuu isiyoelezeka kwenye bonde la upande huo aulize kwanza kwa nini jirani hakuinunua.

Bustani huja mwisho, kama itakuja. Udongo hununuliwa kwa mfuko, na sombe, majani ya muhogo, hupandwa kwenye magunia yaliyosimamishwa nyuma ya jikoni. Lava mpya huchukua miaka kadhaa kuota kuvumwani ya kijivujivu, kisha majani. Iliyozeeka kwa karne nyingi ndiyo iliyofanya mashamba ya Rutshuru na Masisi kuwa maarufu kwa maharagwe na viazi.

Kukaribishwa na watu ni kwepesi kuliko kukaribishwa na mahali. Familia mpya hujiandikisha kwa shefu wa nyumba kumi, halafu kwa avenyu na kartie. Huonekana kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na kutokea mara mbili tatu na koleo mkononi kunamtambulisha mtu kuliko barua yoyote. Baada ya hapo mama wa nyumba huitwa kwenye likirimba, akiba ya mzunguko ambamo kila wiki mmoja huchukua mchango wa wote. Ndiyo inayolipia mabati, mwanzo wa mwaka wa shule, na wakati mwingine mbao za kwanza za jirani atakayefuata.

Jambo moja zaidi mgeni hupaswa kulijua kabla hajahitaji, nalo ni njia ya kukimbilia. Lava ya Januari 17, 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mamia ya maelfu walivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Ile ya Mei 22, 2021 iliishia Buhene, lakini siku 5 baadaye, ardhi ikitetemeka mchana na usiku, gavana aliamuru kartie 10 kati ya 18 zihame, na umati ukajaa barabara ya Sake. Walioishi Mugunga, ambao kartie yao haikuwa miongoni mwa hizo 10, waliwaona majirani zao wa zamani wakipita mlangoni, magodoro kichwani, na wengi wakawafungulia uzio walale uani.