Makelele ya Baiskeli ya Mbio

Mwenye baiskeli ya mbio, aisikiapo ikigongagonga kila apitapo penye barabara mbovu, aghalabu huushutumu mnyororo, na ilhali mlio ule watoka kwenye nyaya za breki na gia, ambazo katika baiskeli za siku hizi hupitishwa ndani ya fremu, zikawa zalegea na kulipiga bomba kwa ndani. Dawa yake ni kuivika ala ya waya mrija wa sponji nyepesi kabla ya kuipitisha bombani. Waya wenyewe, ulio ndani ya ala, huendelea kwenda na kurudi bila taabu. Lakini kwanza kitikise kishikio cha chupa: skurubu zake mbili zikilegea hutoa mlio uleule, nazo hukazwa kwa dakika moja, tena kwa taratibu, maana fremu ya kaboni haistahimili nguvu nyingi.